Hapana ya Kwanza Si Hapana

Jumatatu, 8 Januari

Siku imeharibika mapema. Simu kutoka New York kabla sijamaliza uji. Msichana wa kampuni iliyochapisha riwaya yangu, sauti ya kitoto, jina sikulishika. Wanabadilishwa huko kama soksi. Kaniambia kwa upole kwamba nakala zangu mia tatu zilizobaki ghalani zitasagwa mwisho wa Februari. Nikauliza kusagwa maana yake nini. Kasema kusagwa ni kusagwa. Mara nyingi zinaishia kuwa trei za mayai. Nikamshukuru sana kwa kunipigia. Ndivyo nilivyolelewa.

Riwaya yenyewe ni Ghala la Huzuni. Kurasa mia sita na kumi na moja. Niliiandika miaka minane na imekaa sokoni miaka tisa. Inamhusu baba yangu, ng'ombe wake wa maziwa, na mwaka aliowauza wote. Gazeti moja lilisema ni kitabu "kisicho na haraka". Nilikikata kipande hicho cha gazeti nikakibandika kwenye friji. Marlys, mke wangu, hubandika juu yake orodha ya vitu vya dukani.

Mchana nikaenda maktaba kuona kama kitabu bado kipo rafuni. Kipo. Nikakisogeza mbele kidogo, kikamziba LaVonne Pufahl. Huyu LaVonne tunakaa naye hapa hapa mjini Oskar Lake, tunasali kanisa moja, naye anaandika hadithi za bibi mshona mablanketi anayekamata wauaji akisaidiwa na paka. Vitabu kumi na vinane mpaka sasa. Vinauzwa hata kituo cha mafuta, karibu na nyama kavu.

Kumbe mlangoni kuna tangazo jipya. Mji Mzima, Kitabu Kimoja. Watu wote wa Oskar Lake watachaguliwa riwaya moja ya mwandishi wa hapa na kuisoma pamoja kabla barafu ya ziwani haijayeyuka. Maktaba itanunua nakala mia tatu. Nilisoma mara mbili. Nakala mia tatu ndizo hizo hizo zinazosubiri mashine! Kitabu kikichaguliwa, baba hasagwi. Mambo ni mepesi hivyo.

Aliyeleta wazo hili ni mkuu mpya wa maktaba, Rosalia Petrucci, aliyehamia Oktoba kutoka New Jersey. Anaongea kama nyumba inaungua. Kaniona naranda, kanikaribisha ofisini, kaniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikasema hapana, asijisumbue. Akasema sawa, akalirudisha birika mahali pake. Hakuuliza tena! Nimekaa pale nusu saa nanusa kahawa ya mwenzangu, koo limenikauka. Mtu mzima hajui kwamba hapana ya kwanza si hapana. Ya kwanza ni salamu. Ya pili ni adabu. Akikuuliza mara ya tatu ndipo unasema haya basi, nusu kikombe tu, kama imeshachemka. Sijui watu wa kule wanalelewa na nani.

Jumanne, 9 Januari

Nimemweleza Marlys habari ya mashine na habari ya tangazo. Akasema dawa ni rahisi: niende kwa Rosalia nimwambie nataka kitabu changu kichaguliwe. Nilidhani ananitania. Nikamkumbusha kwamba mtu wa heshima haombi. Anasimama karibu na kitu mpaka apewe.

"Mficha uchi hazai," akasema Marlys. Yeye ni muuguzi kwa daktari wa meno. "Kutwa nzima nafungua midomo ya watu wasiotaka kusema wanaumwa wapi. Nikirudi nyumbani nakuta mwingine."

Nimepata mpango. Tangazo linasema wananchi wanaweza kupendekeza kitabu kwa simu. Halikusema ni wananchi wangapi.

Jumatano, 10 Januari

Nimepiga simu maktaba mara tano. Kwanza nilikuwa mkulima mzee kutoka ng'ambo ya ziwa. Kisha mwalimu mstaafu. Kisha mjane mwenye mafua, na huyu nilimpenda, nilimpa hata mume aliyekufa akiwa amekishika kitabu. Kisha fundi wa matrekta asiyependa kusoma lakini hiki kilimgusa. Mwisho mchungaji anayepita njia akielekea Kanada.

Rosalia alipokea zote mwenyewe. Mchungaji alipofika katikati ya sifa, akanikatiza. "Orrin, namba yako inaonekana hapa."

Nikauliza, kwa sauti ya mjane, Orrin ni nani.

"Mjane alikuwa wa tatu. Sasa hivi wewe ni mchungaji."

Nilisikia jasho likishuka mgongoni, na nje ni digrii ishirini chini ya sifuri. Akaniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba nakipenda kitabu changu na ningefurahi kikichaguliwa. Nikamwambia siwezi kumwambia jambo kama hilo mtu nisiyemjua, na ninayemjua ndiyo kabisa. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema mtu anayejisumbua kiasi hiki lazima ana kitu, ngoja akichukue akakisome. Nikamsikia akikitoa rafuni. "Kurasa mia sita, mama yangu," akasema, akakata simu.

Anakisoma! Mpango umefaulu. Haukufuata njia niliyoipanga, lakini mto nao haufuati ramani. Marlys kaniuliza mbona nimepoteza sauti. Nimemwambia ni baridi.

Ijumaa, 12 Januari

Upande wangu nimeshautengeneza. Sasa upande wa LaVonne. Kamati ya watu watano itakayochagua kitabu inakaa wiki ijayo, na haiwezi kuchagua vitabu isivyoviona. Nikaenda maktaba saa ya chakula cha mchana, watu wachache, nikaanza kuvihamisha vya LaVonne kwenda nyuma ya vitabu vya kurekebisha matrekta. Nilikuwa na kumi na vinne mikononi, cha juu nimekibana na kidevu, nikasikia mtu ananiita kwa jina.

LaVonne mwenyewe. Kofia ya sufu, miwani imejaa ukungu. Akavitazama vitabu. Akanitazama. Akashika shavu. Akaniuliza kama kweli naazima vyote.

Ningesema nini? Nikasema naazima vyote.

Alitaka kulia yule mama. Akasema miaka yote alidhani namdharau. Akanipokea nusu ya mzigo, tukaenda wote mezani, vikapigwa mashine kimoja kimoja kwa kadi yangu. Msichana wa mezani akatangaza kwa furaha kwamba LaVonne sasa ndiye mwandishi aliyeazimwa zaidi mwezi huu. LaVonne akaninong'oneza kwamba na yeye ana siri: amependekeza kwa kamati Ghala la Huzuni. Nikamwambia asante, asingejisumbua. Mjanja sana. Nitamchunguza.

Nje gari langu likagoma. Betri imeganda. Nikaanza kutembea na mifuko miwili. Rosalia akapita na gari lake, akateremsha kioo, akasema panda. Nikasema hapana, si mbali. Akasema sawa, akapandisha kioo, akaenda zake. Nilibaki nimesimama kando ya barabara, kope zimegandana, naangalia taa zake za nyuma zikipotea. Kitabu kimoja cha LaVonne si kizito. Kumi na vinne ni kama ndama.

LaVonne ndiye aliyeniokoa. Alisimamisha gari akaniambia nipande. Nikakataa. Akarudia. Nikakataa, meno yanagongana. Akarudia, nikapanda. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi pamoja. Njiani nikamhadithia ya birika na ya leo. Akasema na yeye yamempata. Alikwenda kwa Rosalia akakataa kahawa, akarudi nyumbani na kiu yake. "Yule ukimwambia hapana, anasikia hapana," akasema. "Mimi siku hizi nasema ndiyo mara moja. Nafumba macho nasema." Nilicheka sana. Nikamwambia mimi siwezi kubadili malezi kwa sababu ya mgeni.

Jumapili, 14 Januari

Baada ya ibada, kahawa na keki za trei kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Kipande cha mwisho kikabaki, chenye chokoleti. Mchungaji alikata nusu, akaacha nusu. Mke wake akakata nusu ya nusu. Gordy Stenerud, jirani yangu, akakata kilichobaki kwa upande wa uma, akaacha kipande kama ukucha. Mimi nilikuwa najiandaa kuugawa ule ukucha. Rosalia akapita, akauokota na kuutia mdomoni, akafuta vidole.

Watu wakasimama kama wameona ajali. Rosalia akatutazama. "Si kilikuwa kimebaki? Nimeona hakuna anayekitaka."

Tulikuwa tunakitaka wote.

Habari kubwa ni kwamba Gordy yumo kwenye kamati. Nilimpa Ghala la Huzuni mwaka ule ule lilipotoka, nikamtilia sahihi. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema ukurasa wa arobaini. Nikamuuliza anakionaje. Akafikiri kwa muda, akasema, "Ni tofauti kidogo."

Huku kwetu hilo ni tusi. Nyumba ikiungua tunasema imekuwa tofauti kidogo. Lazima Gordy asomeshwe.

Jumatatu, 15 Januari

Nimekwenda na Gordy kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, katikati ya ziwa. Jiko dogo la gesi, viti viwili, tundu kwenye barafu. Hawezi kukimbia pale. Nikamwambia yeye aangalie uzi, mimi nitamsomea. Akasema si lazima. Nikasema si taabu. Akasema kweli si lazima. Nikaanza.

Nikaanzia mahali pazuri, siku lori la kuchukua ng'ombe lilipofika, baba akawapandisha mmoja mmoja akiwataja majina. Gordy aliinamia uzi wake. Nilidhani kasinzia. Nilipofika pale baba anapofunga lango la zizi tupu, Gordy akasema, bila kuniangalia, "Alikuwa analiinua kidogo kwa goti. Lile lango. Bawaba ilikuwa imelegea."

Nikamwambia ndiyo, imo, ukurasa unaofuata.

"Nilikuja siku ile," akasema. "Nilikaa ndani ya gari. Sikujua nimwambie nini mzee."

Sikuwa najua. Nimeandika kurasa mia sita kuhusu siku ile na sikujua kulikuwa na mtu amekaa ndani ya gari barabarani akimlilia baba yangu. Nikashindwa kuendelea. Tukabaki tunatazama maji. Nasema kweli, nilifurahi kuliko siku kitabu kilipotoka.

Halafu uzi ukavutwa. Gordy akaruka, kiwiko chake kikanipiga mkono, na Ghala la Huzuni likatumbukia kwenye tundu. Halikugusa hata ukingo. Tuliliona likizama taratibu, limefunguka katikati. Kisicho na haraka, kweli.

Gordy akasema ingekuwa mbaya zaidi kama angempoteza na samaki. Samaki alikuwa mkubwa. Kanipa nusu, mara ya tatu nikapokea.

Alhamisi, 18 Januari

Kamati imekaa leo. Nilipita mbele ya maktaba mara nyingi nikijifanya natafuta mbwa. Hatuna mbwa.

Jioni Gordy akaja kusukuma theluji kwenye njia yangu na mashine yake, ingawa haikuanguka theluji. Akasema baridi imezidi. Nikasema imezidi. Akasema ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita ilikuwa kali zaidi. Nikasema ilikuwa kali zaidi. Akazima mashine. Akatazama juu ya mti. Akasema kwenye chakula cha Jumamosi, pale matokeo yatakapotangazwa, nisivae sweta yenye tundu kwenye kiwiko.

Nilirudi ndani nikamkumbatia Marlys na sufuria lake. Nimechaguliwa! Baba hasagwi! Marlys naye alilia kidogo, kisha akanishika mabega na kuniuliza nitasema nini Rosalia akinipa. Nikamwambia nitakataa, bila shaka. Mara mbili, kisha nitakubali kwa shingo upande. Nimeshaanza mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Ya kwanza natazama viatu. Ya pili namtaja LaVonne, inaonyesha moyo mpana.

Marlys akaketi. Akanikumbusha birika la kahawa. Akanikumbusha gari. Akanikumbusha ule ukucha wa keki. Akasema, "Orrin, baba, nakuomba. Yule mama ukisema hapana anafunga mlango."

Nikamwambia kahawa ni kahawa. Hii ni fasihi. Mbele ya mji mzima hata mtu wa New Jersey atajua cha kufanya.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Jumamosi, 20 Januari

Naandika haya nikiwa nimevaa ile sweta nzuri bado. Sina nguvu ya kuivua.

Ukumbi wa chini wa kanisa ulijaa. Trei za nyama ya kusaga na viazi kutoka mlango huu hadi ule. Rosalia akapanda kwenye jukwaa dogo. Akasema kamati imekubaliana, wote watano. Akasema kitabu hiki amekisoma chote, na zile kurasa za ng'ombe kupanda lori alizisoma ndani ya gari nje ya duka la mboga, akashindwa kushuka. Akasema hajawahi kuishi na ng'ombe lakini baba alikuwa naye. Sauti yake ikakwama kidogo. "Orrin Haugland, tunataka mji mzima usome Ghala la Huzuni. Unakubali?"

Makofi. Nikasimama. Nikatazama viatu. Nikasema jamani hapana, vipo vitabu vizuri zaidi, hiki ni kirefu na watu wana kazi zao.

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Huyu kafunzwa. Rosalia akakunja uso, akaniuliza kama nina uhakika.

Mara ya pili, na ilikuja yenyewe kama nilivyotabiri. Nikasema uhakika kabisa, apewe LaVonne, ndiye anayestahili.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Uma zikasimama hewani. Gordy alikuwa amefungua viganja tayari kupiga makofi. Nami ile haya basi, kama hamna budi, nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi, naionja.

"Sawa," akasema Rosalia. Alisikitika kweli, nilimwona. "Siwezi kumlazimisha mtu. Naheshimu uamuzi wako." Akageuka. "LaVonne?"

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile, hata kwenye mazishi. Kila mtu alielewa kilichotokea isipokuwa mwenye kukifanya. Wala hakuna aliyemwambia, maana kumsahihisha mtu hadharani ni utovu wa adabu. Marlys alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa cha mkono. Mimi sikuogopa bado. LaVonne ni mtoto wa hapa. Atakataa mara mbili, Rosalia atachoka, zamu itanirudia.

LaVonne akasimama polepole. Akanitazama kwa huruma. Akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Asante."

Mara ya kwanza! Bila hata kukohoa. Nyuma yangu bibi mmoja akaangusha kijiko.

Nilimpa mkono wa pongezi. Nikamwambia kwamba chakula cha mwaka huu ni kizuri. Gordy kanifuata mpaka kwenye gari, kasimama na mikono mfukoni, kasema imekuwa tofauti kidogo leo.

Jumapili, 21 Januari

Sikwenda kanisani. Nimelala kwenye kochi. Nimejaribu kukasirika na LaVonne, na Rosalia, na jimbo zima la New Jersey. Hasira haidumu. Kinachobaki ni baba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipokufa nilijua yaliyobaki yake duniani yamo kwenye kitabu kile, namna alivyoinua lango kwa goti, namna alivyomwita ng'ombe wa mwisho. Sasa watu watakiwekea mayai. Nimelia, na naandika kwamba nimelia.

Marlys hakusema nilikwambia. Alileta supu, akakaa miguuni pangu. Nikakataa supu. Akaniuliza tena. Nikakataa. Akauliza tena, nikainywa.

Mchana nimefungua kimoja cha LaVonne ili nijue nimeshindwa na nini. Upuuzi mtupu. Paka anasikia harufu ya sumu kwenye pai. Nimesoma viwili. Cha tatu nipo katikati, na nina uhakika aliyeua ni mganga wa mifugo.

Jumanne, 23 Januari

Leo Rosalia kaja nyumbani. Kapiga hodi, kafuta viatu, kakaa kwenye ncha ya kiti. Marlys akamuuliza kahawa, akasema ndiyo papo hapo, kama kawaida yake. Kisha akaniomba radhi. LaVonne alimpeleka pembeni Jumapili akamweleza kila kitu: salamu, adabu, na ya tatu. Rosalia anasema hakulala kwa aibu. Anasema kule kwao mtu akikataa mara mbili na ukamuuliza tena, anaita polisi.

Na kumbe LaVonne alikubali kwa nia yake. Alihofia kwamba na yeye akikataa, Rosalia angeondoka na kitabu cha mtu wa mji mwingine. Ameomba mji usome viwili: chake Februari, kwa kuwa ni chepesi na watu wana mafua, changu Machi. Kamati imekubali. Kilichobaki ni neno langu, nalo linatakiwa leo, ili New York wasimamishe mashine.

"Kwa hiyo nakuuliza vizuri sasa," akasema Rosalia. Akainua kidole. "Orrin, unakubali?"

Nikatazama viatu. Nikasema hapana, mmeshahangaika sana.

Akainua kidole cha pili. "Orrin, tafadhali. Unakubali?"

Nikasema kusema kweli Machi watu wanaanza kuandaa mashamba.

Akainua cha tatu, uso wote unang'aa, kama mtoto aliyekariri shairi lake mpaka mwisho. "Orrin Haugland. Unakubali?"

Hapa lazima nijieleze, ili asomaye baadaye asinidhanie vibaya. Huwezi kukataa vizuri mbele ya mtu anayekuhesabu kwa vidole. Halafu jambo lenyewe. Mara tatu ni za kahawa. Mara tatu ni za keki na lifti na nusu ya samaki. Kitabu cha kurasa mia sita na kumi na moja, baada ya aibu ile ya Jumamosi, kwa mtu yeyote mwenye malezi, ni nne. Kwa uchache.

Nikasema hapana.

Rosalia akabaki na vidole vitatu hewani. Akavitazama kama vimemdanganya. Akavikunja kimoja kimoja. Akachukua mkoba, akasimama, akasema anaelewa, basi. Nikasubiri. Akafunga zipu ya koti. Nikasubiri. Akashika kitasa cha mlango.

"Anakubali," akasema Marlys kutoka jikoni.

Rosalia akageuka, amechanganyikiwa kabisa, akasema lakini yeye mwenyewe amekataa mara tatu.

Marlys akaja na birika mkononi. "Nami nimekubali mara moja. Inatosha. Pigia New York ukiwa hapa hapa, nikuone."

Akapiga. Nilimsikia yule msichana mwenye sauti ya kitoto akisema sawa, nakala zinaondolewa kwenye ratiba ya mashine. Rosalia akamkumbatia Marlys. Marlys akamkumbatia Rosalia. Mimi ilibidi nigeukie friji, nikasoma orodha ya vitu vya dukani mpaka macho yakakauka.

Baba yupo. Namshukuru Mungu. Lakini sitaficha kwamba nimeaibika. Mji mzima utasema akina Haugland wanapora vitu, kwamba mke alinyakua kabla mume hajamaliza kukataa. Nimemweleza Marlys kwa utulivu kwamba safari nyingine aniachie, nilikuwa nimefika pazuri. Alikuwa anacheka kwenye sinki, mabega yanatikisika.

Jambo moja zaidi. Kabla ya kuondoka Rosalia aliniuliza kama nitazungumza mbele ya watu siku ya ufunguzi, Machi, nisome zile kurasa za lori. Hakuna kitu ninachokitaka zaidi duniani. Hata sweta nimeshaichagua.

Nimekataa, bila shaka. Nimekaa hapa karibu na simu.